Usingoje Mtoto Augue Ndio Uende Kortini

Wasee, kuna kitu inaniudhi na vile tunaongea kuhusu Owino Uhuru. Kila mtu anamaliza hiyo stori kwa makofi. "Mahakama ya Juu imewapa bilioni 1.3! Raia wameshinda!" Halafu tunaruka kwa video ingine. Sisemi si ushindi. Ni ushindi, na kuna watu waliumia kuupata. Lakini ni ushindi uliokuja baada ya watoto kulishwa sumu miaka saba, na hakuna jaji anaweza kuitoa hiyo sumu kwa akili ya mtoto. Na kitu inaniuma zaidi ni kwamba Katiba yetu haituambii tungoje hivyo. Sisi ndio tumejizoesha kungoja.

Kama hujui hii stori, sikiza. Owino Uhuru ni mtaa wa Mombasa, upande wa Mikindani. Watu kama 3,000 hivi, mabati, vyumba vimebanana. Mwaka wa 2007 kiwanda cha Metal Refinery EPZ kilianza kuyeyusha betri za gari zilizoisha, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Betri ya gari imejaa madini ya risasi. Ukiivunja unatoa zile bamba za ndani, unazichoma, unapata risasi safi ya kuuza. Lakini moshi nao unapanda na vumbi yake, unashuka juu ya mabati, kwa nguo zilizoanikwa, kwa mchanga ule watoto wanachezea. Maji machafu nayo yanatafuta njia yake mpaka mlangoni kwa mtu.

Kiswahili chetu kinaita risasi ya bunduki na hii sumu jina moja, na nadhani hapo ndipo tunadanganyika. Ya bunduki ikilia, mtaa mzima unalala chini. Hii ingine hailii. Mtoto anaweka kidole mdomoni, basi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwa damu kinachojulikana kuwa salama. Tena mtoto mdogo anaifyonza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na inajificha kwa mifupa na meno miaka mingi. Inaharibu ubongo ambao bado unajengwa: mtoto anachelewa kusoma, hatulii darasani, mwalimu anamwita mjinga, mzazi anamchapa. Kumbe amelishwa sumu. Na ubongo ukishaharibika hivyo, dawa hairudishi.

Phyllis Omido aliajiriwa na hicho kiwanda mwaka wa 2009. Mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha ana risasi kwa damu. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele pamoja na wakaazi. Mwaka wa 2012 walipoandamana alikamatwa na akashtakiwa kwa uchochezi, kesi ambayo mwishowe mahakama ilimwondolea. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2016 wakaazi wakaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Mombasa.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukua mtoto aliyezaliwa mwaka ule kiwanda kilifunguliwa. Mahakama ilipoamua alipwe, Julai 2020, alikuwa na miaka 13. Mahakama ya Rufaa ilipoifuta hiyo fidia mwaka wa 2023, alikuwa na miaka 16. Mahakama ya Juu ilipoirudisha Desemba 2024, alikuwa na miaka 17. Huyo ni rika lenu. Angekuwa deski moja na wewe. Utoto wake wote umeisha, kwanza akivuta moshi, halafu akingoja majaji.

Na usidhani hukumu ikisomwa pesa inaingia M-Pesa jioni. Ukimshinda jirani kortini na akatae kulipa, unaweza kumletea dalali. Ukiishinda wizara, sheria ya kesi dhidi ya serikali inakataza kushika mali ya serikali. Huwezi kufunga gari la waziri. Unachukua cheti cha deni, unarudi tena kortini kuomba afisa alazimishwe kulipa, na unazungushwa. Serikali inajua hivyo vizuri sana.

Ukiangalia nani alipewa mzigo kwa hiyo kesi, utashangaa. Kiwanda kilibebeshwa asilimia 25. NEMA, ile mamlaka ambayo kazi yake ni kulinda mazingira, ilibebeshwa asilimia 40. Umeskia? Mlinzi amepatikana na makosa kuliko mwizi. Zingine ziligawanywa kwa wizara ya mazingira, wizara ya afya, mamlaka ya EPZ na kampuni yenye shamba lile kiwanda kilikaa. Kwa hivyo ukiniambia "tulia, NEMA wako kazi," nitakuuliza walikuwa kazi gani Owino Uhuru.

Sasa Katiba. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Sawa, hiyo wengi wameskia. Lakini nani amesoma Kifungu cha 70? Kinasema mahakama inaweza kutoa amri za aina tatu. Ya kwanza, kuzuia au kusimamisha kitu kinachoharibu mazingira. Ya pili, kumlazimisha afisa wa umma achukue hatua. Ya tatu, kumlipa aliyeumia. Fidia ni ya mwisho! Kwanza zuia. Halafu kinaongeza kwamba anayeenda kortini hahitaji kuonyesha kuna mtu amepata hasara au ameumia. Yaani huhitaji mtoto mgonjwa, cheti cha hospitali wala maiti. Unahitaji tu kuonyesha hii kitu inahatarisha mazingira.

Na kabla useme "hiyo ni ya matajiri," soma Kifungu cha 22. Kesi ya kutetea haki za Katiba haitozwi ada ya kuanzishwa, na ikibidi mahakama inafaa kupokea hata karatasi ambazo hazijaandikwa kiwakili. Najua wakili mwenyewe si bure. Ndio maana kuna mashirika kama Kituo cha Sheria, yanayosaidia watu wasio na uwezo.

Najua mtu yuko hapo anasema, "Lakini vijana wanataka kazi." Mimi pia ni kijana, nataka kazi. Lakini wale waliokuwa wakichoma hizo betri walikuwa vijana na wazazi wa hiyo hiyo mitaa. Walivuta moshi wa kwanza kabla haujafika kwa jirani, halafu wakaibeba vumbi nyumbani kwa nguo zao. Kiwanda ambacho kinaweza tu kupata faida kama mtoto wa mfanyakazi anaumia hakijaleta kazi mtaani. Kimeleta bili, na wewe ndio unalipa. Na wale wa "si wangehama?" mjue mtaa ulikuwa pale kabla ya kiwanda.

Kwa hivyo nataka tubadilishe tabia. Sahi tunaanza kuongea wakati mtu ameshalazwa. Tuanze wakati ukuta unajengwa. Ukiona kiwanda kinakuja karibu na nyumba, uliza tathmini yao ya athari kwa mazingira iko wapi. Ile ripoti si siri ya mwenye kiwanda, na umma unafaa kupewa nafasi ya kutoa maoni kabla leseni itolewe. Wakikunyima, andika barua ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inafaa kukujibu ndani ya siku 21. Weka nakala, na hakikisha wameipiga muhuri. Moshi ukianza, piga picha, andika tarehe na saa, na mchukue majina ya walioona. Simu unayo. Tunarekodi matatu zikipigana mbio, tunashindwaje kurekodi bomba la maji machafu?

Na msiende mmoja mmoja. Mtu mmoja akipiga kelele anaitwa mchochezi, tumeona. Watu 50 wakiweka sahihi kwa karatasi moja, hao ni walalamishi.

Wale wa Owino Uhuru wanastahili kila senti, na mchanga wao usafishwe. Mahakama ya Mombasa iliamuru usafishwe ndani ya miezi minne, ama milioni 700 zitolewe za hiyo kazi. Tusiache kuwauliza wenye ofisi hiyo pesa na hiyo kazi. Lakini heshima kubwa tunaweza kuwapa ni kuhakikisha kesi yao ndiyo ya mwisho ya aina hiyo, na kwamba mtaa unaofuata utaenda kortini watoto wakiwa bado wazima.

Sasa niambie, mtaani kwenu ni nini kinachomwa usiku?