Drili Si Mchezo: Nani Apewe Kiti cha Idara?



Jioni moja hapa Kamenu tulikuwa tukisoma gazeti, na ndugu mmoja akafika kwenye matangazo ya kazi. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kikitafuta mkuu wa idara ya elimu ya mazoezi ya mwili. Wengine wakacheka. Wakasema hiyo ni drili tu, ile tuliyofanya katika shule ya misheni kabla ya kuingia darasani, mikono juu, mikono chini. Je, yahitaji daktari wa vitabu? Mwingine akauliza: na sisi watu wa reli yatuhusu nini?

Siku ile hatukujibu vizuri. Twajibu sasa.

Yatuhusu kwa sababu ya watoto. Mwezi wa Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na serikali imewawekea njia tatu: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Mtoto wa mpakiaji mizigo akichagua michezo, ameambiwa ni njia kamili kama zile nyingine. Lakini nani atamfundisha? Miaka yote ya 8-4-4 kipindi cha mazoezi kiliandikwa kwenye ratiba, na kwa kuwa hakikuwa na mtihani wa taifa, walimu wengi walikifanya kipindi cha hesabu. Sasa watakiwa walimu wa michezo walio walimu kweli. Hao hutoka katika idara za vyuo vikuu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, palipokuwa kambi ya askari wa Kiingereza mpaka 1965, nasi twapapita tukienda Nairobi. Mkuu wa idara akiwa mtu wa ofisini tu, walimu wake watakuwa wa ofisini, na mtoto wetu atajifunza kuogelea ubaoni.

Basi awe mtu gani? Matangazo ya namna hii hutaka kwanza shahada ya udaktari, kisha hesabu ya makala alizoandika mtu, kisha miaka aliyofundisha. Wako ndugu zetu wasemao vyeti vyote vitupwe, apewe mtu wa uwanjani. Nao wana ushahidi. Kipchoge Keino, kabla ya kupata dhahabu Mexico mwaka 1968, alikuwa polisi na mwalimu wa mazoezi kule Kiganjo (si Kiganjo yetu ya hapa Thika, ni ile ya Nyeri iliyo kwenye njia ya reli ya Nanyuki). Naye Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, Iten. Hakuja na cheti cha kufundisha riadha. Alisimama kando ya uwanja akatazama watoto wanavyokimbia, mwaka baada ya mwaka, na katika mikono yake alipita Peter Rono aliyeshinda mita 1500 Seoul mwaka 1988, na David Rudisha aliyeshinda mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, mbio ambazo dunia ilikuwa haijaziona.

Hata hivyo hatukubaliani nao moja kwa moja. Kufundisha mkimbiaji ni kazi moja, na kuongoza idara ni kazi nyingine. Mkuu wa idara huenda mbele ya wakubwa wa chuo kuomba fedha za mikeka na za kutengeneza bwawa, na pale hukutana na maprofesa wa sheria na wa uganga, nao hawamsikilizi mtu wasiyemwona kuwa mwenzao. Twamkumbuka Mike Boit. Alipata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, akasoma Marekani mpaka akawa daktari, akawa Kamishna wa Michezo wa nchi hii, tena akafundisha Kenyatta. Miguu alikuwa nayo, na karatasi alikuwa nayo. Watu kama huyo si wengi, lakini wapo, na chuo kikitafuta kwa haki kitawapata.

Hapo penye haki ndipo penye neno letu kubwa.

Sisi tulipata kuona katika karakana moja, tusiyoitaja jina, mzee mmoja akikaimu ufomeni miaka mitatu. Alifundisha vijana wote kazi, na mshahara wake ukabaki ule ule wa zamani. Kisha nafasi ikatangazwa ubaoni siku ya Ijumaa, na Jumatatu akaletwa kijana mwenye cheti kizuri. Kijana hakuwa mtu mbaya. Siku ya mvua akaagiza jeki ziwekwe mahali penye udongo laini. Mzee aliona, akanyamaza. Behewa likateleza, na fundi mmoja akapoteza vidole viwili. Mpaka leo twabishana nani alikosa: kijana, au mzee aliyenyamaza, au wale waliobandika tangazo siku ya Ijumaa. Wengi wetu twasema hao wa tatu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 232, yasema kazi za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 yasema mtu asikaimu kupita miezi 6. Kwa hiyo chuo cha umma kikimweka mtu kuwa kaimu mkuu wa idara miaka miwili, mitatu, vyama vya wafanya kazi wa vyuo visinyamaze kama yule mzee.

Tena twaomba jambo moja ambalo hatujaliona katika tangazo lo lote. Mwenye kutaka kiti hicho, baada ya kuulizwa maswali mezani, atolewe nje akafundishe somo moja uwanjani, na watazamaji wawe wanafunzi pamoja na wale wakata nyasi na walinzi wa bwawa la kuogelea. Hao hujua upesi nani amezoea kushika kamba na nani anaiogopa. Haichukui zaidi ya saa moja.

Nasi tusijifanye watakatifu. Hata katika tawi letu, nafasi ikitokea, kwanza twauliza ni mtu wa wapi.

Tangazo lile tumelikata gazetini, nalo liko kwa katibu wa tawi. Mwenye ndugu au mtoto mwenye sifa hizo, awe wa kabila lo lote, aje alisome kabla siku ya mwisho haijapita.