Kufungua Kapasita Si Uharibifu

Iko desturi moja nyumbani na shuleni ambayo twaona yapasa kung'olewa. Mtoto akikutwa amepasua kitu kilichokwisha kufa cha redio ili aone kilivyotengenezwa, huchapwa na kuitwa mharibifu. Hukumu hiyo si ya haki, kwani kilichokufa hakifi mara ya pili.

Na tuitazame kapasita, yaani kile kijikopo kishikacho umeme kwa muda. Ukikipasua, hukuti hirizi ndani yake. Wakuta mkunjo mfano wa jamvi: mabati mawili ya alumini, membamba kama karatasi, na katikati karatasi yenyewe iliyoloweshwa dawa. Juu ya bati moja pana ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo iuzuiayo umeme usivuke. Mbona imekunjwa? Kwa kuwa bati likizidi upana, umeme ushikwao nao huzidi. Na kwa kukunja, bati pana huingia mahali padogo. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hayasahau.

Wengine husema mambo haya hayamhusu Mkristo. Twawajibu kwamba mmoja wa watu wawili waliovumbua chombo cha kwanza cha namna hii, Ewald von Kleist wa Pomerania, mwaka 1745, alikuwa mtu wa Kanisa. Mwenziwe, Pieter van Musschenbroek wa Leiden, alikivumbua chake mwaka 1746 pasipo kujua habari za Kleist. Vyombo vyao vilikuwa chupa za kioo tu.

Wengine husema, "Umeme huua." Ni kweli, na kwa sababu hiyo twataka watoto wafundishwe. Kapasita kubwa yaweza kushika umeme wa kuua hata baada ya chombo kuzimwa, na fimbo haimwonyeshi mtoto jambo hilo. Basi mtoto asifungue peke yake. Mwalimu au fundi achague kapasita ndogo ya redio ya betri, aumalize umeme wake kwanza, ndipo aipasue. Nao wanawe mikono baadaye. Zile kubwa, na zile kuukuu zenye mafuta, zisiguswe, maana mafuta ya baadhi yake ni sumu.

Tena ujinga huu una hasara iliyo kubwa kuliko redio. Mashine ya kusaga ya umeme huvuma bila kuzunguka, na mara watu huanza kunong'ona juu ya mwanamke mzee wa jirani. Kumbe sababu moja ijulikanayo sana na mafundi ni kapasita iliyokufa! Asiyejua kilichomo ndani ya kijikopo humsingizia mwenziwe uchawi, na kusingizia ni dhambi.

Kwa hiyo twawasihi wazazi, na walimu wenzetu zaidi: wekeni fimbo chini, mkae na mtoto, mkaone pamoja naye kilichomo.