Kabla ya kumkataza binti yako mpira, uliza kwanza



Wengi wetu tunakumbuka tarehe 23 Novemba 2024. Siku ile wasichana wa TP Mazembe ya Lubumbashi walicheza fainali ya kombe la vilabu vya wanawake vya Afrika. Walicheza ugenini, katika mji wa El Jadida, nchini Moroko, na timu waliyokutana nayo ilikuwa ya Moroko, AS FAR, klabu ya jeshi. Mazembe walishinda bao 1 kwa 0. Wakarudi nyumbani na kombe, na zawadi ya mshindi ilikuwa dola 600.000.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawakuliona. Kocha aliyewaongoza wasichana wetu siku ile ni mwanamke wa Moroko, Lamia Boumehdi. Yeye mwenyewe aliwahi kuichezea timu ya taifa ya nchi yake, halafu akasomea kazi ya kufundisha, kisha akaja kufanya kazi Lubumbashi. Mwezi uliofuata shirikisho la mpira la Afrika, CAF, lilimchagua kuwa kocha bora wa mwaka katika mpira wa wanawake.

Basi juma hili tuzungumze juu ya Moroko. Nchi ile imefanya nini hata mpira wa wasichana ukawa kazi ya mshahara, na hata ikapata walimu wa kutuma kwa wengine? Nauliza kwa sababu katika vikundi vyetu swali hili linarudi kila mara: binti anataka kucheza, mama afanye nini?

Zamani sisi tulikuwa mbele

Mwaka 1998 mashindano ya Afrika ya wanawake yalichezwa Nigeria. Kongo na Moroko walikuwa katika kundi moja. Moroko walitoka mapema, wakarudi kwao. Kongo tuliendelea, tukamaliza nafasi ya tatu katika Afrika nzima. Na mwaka ule nchi yetu ilikuwa vitani.

Moroko walirudi katika mashindano hayo mwaka 2000, kisha wakapotea. Kwa miaka 22 hawakuonekana tena. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2000 alikua, akamaliza masomo, bila kuona timu ya wanawake ya nchi yake ikicheza kombe la Afrika.

Sasa tazama Julai 2025. Chui wetu wa kike walikuwa wamefika tena kombe la Afrika, mara ya kwanza tangu 2012, na mashindano yalikuwa Moroko. Walipokutana na wenyeji tarehe 9 Julai walifungwa 4 kwa 2, na mabao 3 kati ya yale 4 yalitiwa na kapiteni mmoja, Ghizlane Chebbak. Senegali nao walitushinda, Zambia pia. Moroko walikwenda mpaka fainali, wakaongoza Nigeria 2 kwa 0, halafu Nigeria wakarudisha na kushinda 3 kwa 2.

Wasichana wa Moroko hawakuzaliwa na miguu bora kuliko ya wetu. Mwaka 1998 ilionekana. Kilichobadilika ni matengenezo.

Walifanya nini?

Mwaka 2020 shirikisho la mpira la Moroko lilitangaza mpango wa wanawake. Ligi ya daraja la kwanza na ligi ya daraja la pili, zote mbili ziwe za kulipwa. Mchezaji awe na mkataba ulioandikwa. Mshahara usishuke chini ya kiwango kilichowekwa. Vilabu vipewe msaada wa pesa ili viweze kulipa. Ziundwe timu za wasichana wadogo, na wanawake wafundishwe kazi ya kocha na ya mwamuzi. Karibu na Rabat kulikuwa tayari na kituo kikubwa cha mazoezi kilichofunguliwa mwisho wa 2019, na wanawake nao wanakitumia.

Sisi tunaojua likelemba tunaelewa jambo hili bila kufundishwa. Mama akiwa na faranga zake peke yake, zinaisha jioni. Akiziweka pamoja na wenzake, kwa siku inayojulikana, kwa jina lililoandikwa katika daftari, atajenga nyumba. Kipaji cha mtoto nacho ni hivyo. Bila daftari kinaisha jioni.

Matunda hayakuchelewa. Julai 2022 Moroko walipokea kombe la Afrika la wanawake. Katika nusu fainali waliwatoa Nigeria kwa penalti, na watu waliohesabiwa uwanjani Rabat walikuwa 45.562. Siku ya fainali walikuja wengi zaidi, wanaume na wamama, wazee na watoto, kutazama wanawake wakicheza. Afrika Kusini walishinda 2 kwa 1, lakini Moroko walikuwa wamepata tikiti ya kombe la dunia. Novemba mwaka huohuo AS FAR wakachukua kombe la vilabu.

Mwaka 2023, katika kombe la dunia kule Australia na New Zealand, Moroko walikuwa timu ya kwanza ya wanawake kutoka nchi za Kiarabu kufika. Mechi ya kwanza Ujerumani waliwafunga 6 kwa 0. Watu wakasema, si tulisema? Warudi jikoni. Wao walirudi mazoezini. Wakawashinda Korea Kusini 1 kwa 0. Kisha Kolombia: Chebbak alipiga penalti, kipa akaitoa, mwenzake Anissa Lahmari akaukimbilia mpira na kuutia ndani. Mechi ilipoisha walikusanyika katikati ya uwanja, wakainama juu ya simu moja kungoja matokeo ya Ujerumani. Ujerumani wakatoka, Moroko wakapita.

Katika mechi ile ya Korea, mlinzi Nouhaila Benzina alicheza na hijabu, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika kombe la dunia la wakubwa. Mpaka mwaka 2014 sheria za FIFA hazikuruhusu. Nalisema kwa sababu mama wengi, Waislamu kwa Wakristo, wanaogopa kwamba mpira utamwondolea binti heshima aliyolelewa nayo. Benzina aliingia na yake, akashinda, akatoka nayo.

Yasiyokaa sawa bado

Nisiwapake asali. Hata Moroko kazi haijaisha. Wachezaji kadhaa wa timu yao ya taifa walizaliwa na kufundishwa Ulaya, katika familia za Wamoroko waliohamia huko. Na pesa ya wanawake bado ni ndogo karibu na ya wanaume. Mshindi wa kombe la Afrika la wanawake la 2025 alipewa dola milioni 1. Mshindi wa kombe la wanaume lililochezwa Kodivaa mwanzo wa 2024 alipewa milioni 7. Dakika ni zile zile 90.

Tena tukumbuke desemba 2022, wanaume wa Moroko walipofika nusu fainali ya kombe la dunia. Sofiane Boufal alimchukua mama yake uwanjani, wakacheza ngoma mbele ya dunia yote. Wengi wetu tulitoa machozi. Kila mama alijiona pale. Lakini ni wangapi kati yetu tulijiona tukicheza vile na binti? Kwa kijana wa kiume tunasema: labda atatuokoa. Kwa binti tunasema: vyombo bado havijaoshwa.

Hofu ya mama ni ya kweli

Siwaambii wamama kwamba hofu yao ni ujinga. Binti anayerudi giza, mtu mzima anayemwita mazoezini peke yake, safari ya mbali ambayo hatujui atalala wapi, masomo yanayoachwa, goti linalovunjika na hakuna wa kulipa hospitali: hayo yote hutokea. Tena wapo watu wanaopita mitaani na kusema wanatafuta vipaji vya kupeleka ng'ambo, na wakiondoka na mtoto hawaonekani tena.

Kumkataza tu si kinga. Anayekatazwa huenda kwa kujificha, na anayejificha hana wa kumuuliza maswali. Kinga ni mama kufika mwenyewe uwanjani na kuuliza. Haya ndiyo maswali ninayoomba kila kikundi kiyaandike katika daftari lake:

1. Nani anaongoza timu hii, na inajulikana wapi? Timu ya kweli imeandikwa katika chama cha mpira cha mji au cha mkoa. Nenda ukaulize huko.

2. Kuna mwanamke gani pamoja na wasichana? Mazoezini, safarini na pale wanapolala, lazima awepo mama mmoja anayejibu kwa jina lake. Kama hayupo, kikundi chetu kinaweza kumtoa.

3. Masomo yake yatakuwaje? Saa za mazoezi zisile saa za darasa. Mpira hauna maisha marefu. Mchezaji mwenye miaka 35 tayari ni mzee, na wengi hawafiki hata kwenye mshahara wa kwanza. Diploma haivunjiki goti.

4. Akiumia, nani analipa? Jibu la "tutaona" si jibu.

5. Karatasi iko wapi? Kama wanasema watamlipa, iandikwe: kiasi gani, siku gani, kwa muda gani. Usitie sahihi kile usichosomewa. Kama husomi vizuri, njoo nayo katika kikundi, tuisome pamoja.

6. Wanataka kumpeleka nchi nyingine? Hapa shikeni sana. Sheria ya FIFA inasema mchezaji asihamishwe kwenda klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama wazazi wake kuhamia huko kwa jambo lisilo la mpira. Mtu akija kwako akisema klabu ya ng'ambo inamtaka binti yako wa miaka 15 na ndege ni juma lijalo, usihesabu dola. Mfukuze, kisha umtaarifu mkuu wa mtaa.

Na liko swali la saba ambalo wamama wenye mabinti wakubwa huuliza kwa sauti ya chini: na akitaka kuzaa? Tangu Januari 2021 sheria za FIFA zinampa mchezaji mwenye mkataba likizo ya uzazi isiyopungua juma 14, na kati ya hizo juma 8 ziwe baada ya kujifungua. Katika muda huo anapata angalau theluthi mbili za mshahara wake. Klabu haina ruhusa kumfukuza kwa sababu ana mimba. Wamama wangapi kati yetu, wauza soko, walimu, wafanyakazi wa nyumbani, tumewahi kupata hivyo? Lakini angalieni vizuri: sheria hii inamlinda yule aliye na mkataba. Binti anayecheza kwa ahadi ya mdomo hana kitu. Ndiyo maana narudi kwenye karatasi.

Tunaweza kufanya nini sisi?

Hatuna pesa za shirikisho la Moroko. Lakini matengenezo mengine hayangoji pesa nyingi. Kikundi kinaweza kuchagua wamama wawili wa kwenda uwanjani kwa zamu kila siku ya mazoezi. Kinaweza kuomba uwanja wa masomo kwa saa za mapema, ili wasichana warudi kabla ya giza. Kinaweza kutenga sehemu ndogo ya sanduku kwa ajili ya bandeji na viatu. Na nyumbani, kaka anaweza kuosha vyombo siku mbili kwa juma. Haitamuua.

Ghizlane Chebbak ni binti wa mchezaji. Baba yake, Larbi Chebbak, alikuwa katika timu ya Moroko iliyochukua kombe la Afrika mwaka 1976. Mabinti wetu wengi hawana baba wa namna hiyo. Wana mama anayeamka saa kumi ya usiku kwenda kuchukua mboga. Mama huyu hajui sheria za mpira, lakini anajua kuuliza bei mara tatu kabla ya kutoa pesa yake. Aulize vilevile kabla ya kumtoa binti yake.

Katika mkutano wenu wa juma hili, zungumzeni haya: katika mtaa wetu wasichana wanaocheza ni wangapi? Nani anawaangalia? Je, kati yetu kuna aliyefika uwanjani hata mara moja? Andikeni majibu na muyatume kwa mwakilishi wenu, ili tuyasome pamoja katika barua zinazofuata.

Mbaki na amani, na muwasalimie watoto.