'Without You': Kabla ya kubishana nani aliimba vizuri, uliza nani alilipwa

Taja "Without You" mbele ya wasee wa rika langu na wengi watakuambia hiyo ni ngoma ya Mariah Carey. Wengine watacheka kwanza wakikumbuka "Ken Lee", ile video ya shindano la uimbaji kule Bulgaria mwaka wa 2008. Mzazi wako naye huenda akadakia kuwa nyinyi watoto hamjui muziki, hiyo ni ya Harry Nilsson.

Wote wamekosa.

Wimbo huo ni wa Badfinger, bendi ya Uingereza iliyorekodi chini ya Apple, lebo ya Beatles. Waliotunga ni Pete Ham na Tom Evans. Ham alikuwa na beti lakini kiitikio chake hakikubamba. Evans alikuwa na kiitikio kikali kilichokosa beti. Wakaviunganisha. Ukatoka 1970 kwenye albamu ya No Dice, ukalala hapo.

Nilsson akauamsha 1971 kwa piano na sauti ya kupasua kifua. Mwaka uliofuata ukawa namba moja Marekani na Uingereza, kisha ukampa tuzo ya Grammy. Toleo la Mariah likatoka kama singo Januari 1994, siku chache baada ya Nilsson kufariki, nalo likashika namba moja Uingereza.

Sina shida na kava. Bila Nilsson, huenda mimi na wewe tusingeujua wimbo huu. Tena kava ikiuza, mtunzi hulipwa mirabaha hata kama hakuimba neno moja. Chuo niliacha katikati, lakini hesabu hiyo haihitaji digrii: Ham na Evans walipaswa kula vizuri maisha yao yote.

Haikuwa hivyo. Mikataba waliyotia sahihi ilimkabidhi meneja usukani wa pesa zao. Kesi zilipoanza, pesa zikakwama. Aprili 1975, Ham alijitoa uhai akiwa na miaka 27, mfukoni hana kitu. Binti yake alizaliwa mwezi uliofuata. Evans naye alijitoa uhai 1983, mizozo ya mirabaha ya wimbo huo huo ikiwa haijaisha. Manze, watunzi wawili wa ngoma moja.

Kifo cha namna hiyo hakina sababu moja tu, na sitajifanya daktari. Ila ubishi wa Mariah na Nilsson nani mkali hunichosha, kwa sababu unawaacha nje wenye wimbo. Waimbaji hawakuwaibia. Shida ilikuwa kwenye karatasi.

Sisi vijana wengi tunaanzia kwenye kava, YouTube na TikTok. Sawa, imba, lakini taja mtunzi. Siku ukianza kutunga zako, andikeni nani ametunga nini kabla hamjaingia studio, wakati bado mnapendana. Na usitie sahihi mkataba usiouelewa eti kwa sababu meneja ni buda poa. Muulize swali moja tu: pesa za utunzi zinaingia akaunti ya nani?

Akikasirika, ushapata jibu.