Barabara ya Mtaa Si Bohari ya Supamaketi

Wakazi wa Mutuini, hapa Dagoretti jijini Nairobi, wakilalamika kuhusu malori yanayoleta bidhaa kwenye supamaketi, hupewa majibu yale yale, iwe ni barazani kwa chifu, mbele ya meneja wa duka au kwenye steji ya bodaboda. Majibu hayo yamerudiwa mno hadi baadhi yetu tumeanza kuona haya kulalamika, kana kwamba kutaka usingizi na njia ya kupita ni ubinafsi. Nimeamua kuyajibu. Sitalitaja duka lolote kwa jina kwa sababu kero hii si ya duka moja. Waithaka wanaijua, Riruta wanaijua, Kawangware wameishi nayo kwa miaka.

Kuna wakati supamaketi ilikuwa safari ya kwenda mjini au Barabara ya Ngong. Kisha maduka makubwa ya wakati huo yakaanguka: Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakapiga kura ifungwe. Tuskys nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Pengo waliloliacha lilijazwa na maduka yaliyoamua kumfuata mnunuzi hadi mlangoni kwake. Naivas pekee sasa ina zaidi ya matawi 100. Kwa mama anayetoka kazini jioni na mtoto mgongoni, kupata unga, maziwa na sabuni bila kupanda matatu ni nafuu ya kweli, na sina nia ya kumnyang'anya.

Lakini duka lilipokuja, barabara haikupanuka. Dagoretti ilikuwa nchi ya mashamba kabla ya kuingizwa ndani ya mipaka ya jiji mapema miaka ya 1960, na njia zetu nyingi za ndani zilianza kama vipito vya kuingia mashambani. Mashamba yakagawanywa kwa warithi, vipande vikajengwa nyumba za kupangisha za ghorofa tatu, nne, tano, na njia ikabaki na upana ule ule. Lori la kawaida la mizigo lina upana wa mita mbili na nusu. Likisimama kwenye njia ya mita sita yenye mtaro upande mmoja na kibanda cha mama mboga upande wa pili, wanaobaki hawana pa kupitia.

Jibu la kwanza tunalopewa ni kwamba barabara ni ya umma na lori lina haki kama gari lolote. Ni kweli kabisa lina haki ya kupita. Tunachobishania ni kusimama. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari kuachwa barabarani kwa namna inayowazuia wengine, na haimsamehe dereva kwa sababu amebeba mikate. Anayeitumia barabara kupanga kreti, kuhesabu katoni na kukagua stakabadhi ameigeuza sehemu ya duka lake, sehemu asiyoilipia kodi ya pango wala kuifagia. Kwa hiyo hoja ya umma iko upande wetu. Umma ni mtoto anayekwenda shule, ni mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Mutuini, ni dereva wa tuktuk, ni mzee mwenye fimbo anayelazimika kushuka mtaroni ili azunguke boneti ya lori.

Tena lori halifanani na gari lolote, hata likiwa linapita tu. Kati ya 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walizungusha malori juu ya barabara za majaribio huko Illinois ili kupima jinsi lami inavyochakaa. Waligundua kwamba uharibifu hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ekseli ikiwa nzito maradufu, lami huumia karibu mara kumi na sita. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari, na ndiyo maana barabara kuu zina mizani. Njia ya ndani ya Mutuini haina mizani. Kingo zake zikimeguka, kifuniko cha mtaro kikivunjika, waya wa stima au wa intaneti ukinaswa na boksi la lori, anayebaki na hasara ni mkazi.

Jibu la pili ni lile la dakika. Tunaambiwa lori linasimama dakika chache tu, tuvumilie. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana ndipo chanzo cha kero kilipo na ndipo wengi hukosea kwa kumlaumu dereva.

Yeyote aliyewahi kutazama mlango wa nyuma wa supamaketi anajua kwamba kushusha mzigo si kazi ndefu. Vijana wawili wenye nguvu humaliza kanta ya soda kabla chai haijapoa. Kinachochukua muda ni kupokelewa. Lazima karani wa mapokezi aje na karatasi ya oda, ahesabu, alinganishe na ankara, akatae katoni zilizobonyea, apige muhuri, atie sahihi. Karani ni mmoja, na wasambazaji ni wengi: wa maziwa, wa mkate, wa unga, wa maji ya chupa, wa sabuni, wa mayai, pamoja na lori kubwa la duka lenyewe kutoka bohari kuu. Wote wanataka asubuhi, kwa sababu kila mmoja ana matawi mengine ya kufika siku hiyo. Basi wanapanga foleni, na kwa kuwa duka halina uwanja wa kuwasubirisha, foleni inapangwa barabarani. Injini zinanguruma kwa sababu friji ya lori la maziwa haiwezi kuzimwa. Dereva wa nyuma anampigia honi wa mbele. Utingo anasimamisha matatu kwa mkono ili lori lirudi kinyumenyume. Kila dereva anaweza kuapa kwa haki kwamba yeye alisimama kidogo tu, na bado njia ikawa imefungwa tangu alfajiri hadi watu wameshachelewa kazini.

Dereva na utingo ni watu wa kuonewa huruma katika mpango huu. Wanakaa juani, hawana choo, wanatukanwa na sisi na kuharakishwa na mwajiri. Anayeweza kuondoa foleni ni duka. Duka linaweza kumpangia kila msambazaji saa yake na kumkatalia anayefika kabla ya zamu. Linaweza kuajiri karani wa pili. Linaweza kuagiza kwamba tawi la ndani ya mtaa lihudumiwe kwa kanta na si lori refu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fundi kutoka ng'ambo.

Jibu la tatu: basi tutaleta mizigo usiku, barabara ikiwa tupu. Wanaolitoa hudhani wametupa zawadi. Barabara ni tupu usiku kwa sababu watu wamelala, na nyumba zetu zimesimama hatua chache kutoka kwenye njia. Kreti za chuma zinaburutwa juu ya sementi, mlango wa boksi unabamizwa, king'ora cha kurudi nyuma kinalia, nacho kimetengenezwa makusudi kisikike kuliko injini. Mtoto anaamka, na mama yake anaamka naye, na saa kumi na moja anatakiwa awe kwenye steji.

Kanuni za kudhibiti kelele chini ya sheria ya mazingira ya Kenya zimekuwepo tangu 2009. Zinahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kwa maeneo ya makazi kiwango cha usiku ni desibeli 35. Hata pale makazi yalipochanganyika na biashara, kama ilivyo kwetu, usiku kiwango hakipandi, kinabaki 35. Hicho ni kiwango cha mazungumzo ya kunong'ona. Hakuna lori la dizeli linaloshusha mzigo kwa kunong'ona.

Ubishi huu wa mchana na usiku ni wa kale. Roma ya Julius Caesar, mwaka 45 kabla ya Kristo, ilipiga marufuku magari ya mizigo mjini kwa sehemu kubwa ya mchana, na vizazi vilivyofuata vikalalamika kwamba havipati usingizi kwa kelele za magurudumu. Miji iliyopata nafuu haikuhamisha kero kutoka saa moja hadi nyingine. Iliipunguza kero yenyewe. London tangu 1985 imekuwa na mpango wa kuyadhibiti malori yenye uzito wa zaidi ya tani 18 usiku na wikendi, yasikatize mitaa ya makazi bila sababu. Uholanzi iliweka masharti kwa vifaa: anayetaka kushusha mzigo kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi ahakikishe kelele haizidi desibeli 60 ikipimwa mita saba na nusu kutoka kwenye gari. Watengenezaji wakalazimika kuunda mikokoteni ya magurudumu ya mpira, sakafu laini na milango isiyogonga. Duka la Mutuini linalotaka usiku lianze na magurudumu ya mpira, ndipo tuzungumze.

Nne, tunaambiwa kaunti imeshatoa leseni, kwa hiyo mjadala umefungwa. Nadhani hili ndilo jibu linalowanyamazisha wengi, na ndilo dhaifu kuliko yote. Jedwali la Nne la Katiba linazipa serikali za kaunti barabara za kaunti, trafiki na maegesho, leseni za biashara, mipango ya ardhi, pamoja na udhibiti wa kelele na kero nyingine kwa umma. Yaani mwenye kutoa kibali cha duka ndiye huyo huyo mwenye jukumu la kelele na barabara. Hawezi kutumia mkono mmoja kuufunga mwingine. Kibali cha biashara huombwa upya kila mwaka, na kinachoombwa upya kinaweza kuwekewa masharti. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 nayo inamtaka anayeomba idhini ya ujenzi autangazie umma, ili wenye pingamizi wasikike kabla jengo halijasimama. Sehemu ya kushushia mizigo ndani ya uwanja wa duka ni jambo la kuamuliwa kwenye ramani, wakati huo, si baada ya kufungua milango na kukata utepe.

Na asiambiwe mtu kwamba Nairobi haijawahi kuigusa biashara yenye leseni. Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kwamba leseni za vilabu vya usiku ndani ya mitaa ya makazi hazitatolewa wala kuhuishwa, na zilizokwishatolewa zifutwe. Hatuombi kaunti ifute supamaketi. Tunaomba sehemu ndogo ya nguvu ambayo tayari ilionyesha inayo.

Jibu la tano ni kazi na bei. Tunaambiwa duka limeajiri vijana wetu. Tukibana malori, gharama itapanda na mkate utapanda nao. Kazi hizo naziheshimu, na sijaona hata moja kati yake inayotegemea lori kuziba njia. Kuhusu bei, gharama ya kupokea mzigo vibaya ipo tayari, ila inalipwa na wengine: mwenye kibanda ambaye wateja hawamfikii asubuhi, bodaboda anayezunguka mbali, mfanyakazi anayekatwa mshahara kwa kuchelewa, mwenye nyumba anayerekebisha ukuta uliokwaruzwa. Mkate unaonekana nafuu kwenye rafu kwa sababu sehemu ya bei yake tunailipa nje ya duka.

Mwishowe wapo wanaosema Dagoretti imezoea malori. Machinjio yetu yanalisha Nairobi nyama, na magari ya ng'ombe kutoka Kajiado na Narok yamekuwa yakipita hapa tangu tukiwa wadogo; iweje tuudhike na magari ya biskuti? Machinjio yana ua, yana geti, na ng'ombe hushushwa ndani. Hakuna anayemteremshia mwenzake fahali mlangoni. Halafu lori la ng'ombe hupita barabara kubwa, na tangu Southern Bypass ifunguliwe magari mengi mazito yana njia yao. Kuzoea harufu na vumbi la machinjio hakukutufanya tuwe watu wasiostahili njia ya kupita.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila hata kuthibitisha kwamba amepata hasara. Mahakama iwe hatua ya mwisho. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi katika bunge la kaunti, na ombi halihitaji wakili. Linahitaji ushahidi. Kwa hiyo, jirani, unapoamshwa usiku au kuzuiwa asubuhi, andika tarehe na saa, piga picha ya lori lilivyosimama na nambari yake, bila kumtukana dereva. Peleka nakala kwa meneja wa duka na umpe muda wa kujibu. Akinyamaza, tukusanye karatasi zetu pamoja, mwenye nyumba na mpangaji, tutie sahihi, na tumpelekee mwakilishi wetu wa wadi tukiwa na madai manne: saa za kupokea mizigo zibandikwe mlangoni, kila msambazaji awe na zamu, mzigo ushushwe ndani ya uwanja wa duka, na kibali cha mwaka ujao kisitolewe kabla hayo matatu hayajatimizwa.