Nimechora chui, katoka duma!

Ni mimi yule yule wa Majengo, Sumbawanga. Kabla watu hawajawaletea umbea, naomba niseme mwenyewe: siku hizi nashika vidole vya akina dada. Tena nalipwa!

Msishangae. Kalamu peke yake hailipi kodi ya chumba, na cheti changu cha kidato cha nne kimezunguka maofisini hadi kimechanika kwenye mikunjo. Nikamwona mshikaji wangu mmoja, yule anayepita mitaani na kikapu cha rangi za kucha akigonganisha chupa. Jioni anakula chipsi kuku, mimi nakula upepo. Nikamwambia, "Kaka, nifundishe."

Mjomba aliposikia alikaribia kuzimia. "Nimekusomesha hadi Form Four ukashike vidole vya wake za watu?" Siku tatu hakujibu shikamoo yangu.

Rangi moja ya kawaida niliijua upesi. Kasheshe ni chui, na akina dada wa hapa wakitaka kutoka wanataka chui. Hawakuanza wao. Christian Dior aliwavalisha chui wazungu mwaka 1947, na marehemu Mobutu wa Zaire hakutoka bila kofia yake ya chui. Sasa kahamia kwenye kucha.

Kazi yenyewe iko hivi. Unapaka kwanza rangi ya chini, njano iliyokolea au ya dhahabu, halafu unasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi tunapoumbuka, maana ukiwahi, rangi ya pili inaikokota ya kwanza na kucha inakuwa kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Na hapa kwetu mwezi wa saba, baridi ya Ufipa inafanya rangi iwe nzito kama uji wa ulezi. Mimi chupa naiweka kwapani kwanza. Ikishakauka, unachukua kijiti cha meno, unadondosha madoa ya kahawia, kisha unayazungushia nyeusi.

Mteja wangu wa kwanza wa chui alikuwa mama mmoja wa genge, anakwenda kwenye sendofu ya mdogo wake. Nikachora kwa adabu zote, vidoa vyeusi vya mviringo, vimejipanga kama tuko kwenye somo la jometri. Akainua mkono, akautazama.

"Mwanangu, chui yuko wapi hapa?"

"Si huyo, mama?"

"Huyu ni duma! Mimi nimekulia Mpanda, jirani na Katavi, usinidanganye. Duma ndiye mwenye vidoa vilivyojaa. Chui doa lake liko wazi, limekatikakatika pembeni kama waridi. Futa!"

Vidole kumi, jamani! Nikafuta vyote, dawa ikaisha nusu chupa. Nikaanza upya na bado mkono ukawa unafunga miduara. Nadhani ni kosa la bikari ya shuleni.

Mara baiskeli ikasimama nyuma yangu. Baba mwenye mke! Mtu wa miraba minne, kimya, anatazama mkono wa mkewe ulivyolala kwenye kiganja changu. Nikasema "Shikamoo mzee," akaitikia kwa koo tu. Wasomaji, nilitetemeka. Kijiti kikawa kinaruka, huku kinagusa, huku kinaacha nafasi, doa moja kubwa, jingine limepinda kama herufi C. Nikajua leo nafukuzwa na kikapu navunjiwa.

Mama akainua mkono tena. "Ehee! Sasa huyu ndiye chui." Akamgeukia mumewe, "Baba nanihii, unaonaje?"

Yule mzee akainama, akakitazama kidole gumba kwa muda mrefu. "Anafanana," akasema, akapanda baiskeli yake, akaondoka. Nadhani hata mimi nilipumua kwa sauti.

Siku hizi sitetemeki, ila najilazimisha kukatisha kila duara kabla halijafunga, na madoa sifanyi yalingane. Pundamilia nimemweza, twiga bado ananisumbua ile mistari myeupe.

Mama alinipa elfu tatu. Nikapita dukani, nikabeba sukari kwenda nayo nyumbani. Mjomba akaletewa chai, akakoroga, akaonja, akaongeza kijiko cha pili. Hakuuliza sukari imetoka wapi. Asubuhi nikamsalimia, akaitikia.