Demaryius Thomas: Ugonjwa Uliotangazwa na Ugonjwa Uliosahauliwa

Mwezi Julai 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza kwamba ubongo wa Demaryius Thomas, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyefariki miezi saba kabla, ulikuwa na CTE, yaani maradhi ya kudhoofika kwa ubongo yatokanayo na kichwa kugongwa mara nyingi. Tangu hapo jina lake halitajwi bila herufi hizo tatu. Ni haki litajwe hivyo, lakini CTE siyo iliyomuua. Uchunguzi wa kifo chake ulionyesha kwamba alifariki kutokana na matatizo ya kifafa, na Dkt. Ann McKee, aliyeongoza watafiti wa Boston, alieleza waziwazi kwamba Thomas alikuwa na maradhi mawili tofauti. Magazeti yaliyakumbuka ya kwanza, yasiyo na tiba. Ya pili, ambayo dawa zake zimekuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja, yakapita kama tanbihi.

Thomas alizaliwa tarehe 25 Desemba 1987 katika jimbo la Georgia. Alikuwa na umri wa miaka 11 polisi walipomchukua mama yake, kisha bibi yake naye akafungwa, wote kwa makosa ya biashara ya kokeini. Akalelewa na jamaa zake. Mwaka 2010 timu ya Denver Broncos ilimchagua kutoka chuo cha Georgia Tech kuwa mpokeaji, yaani yule anayekimbia mbele, akawakwepa walinzi na kuudaka mpira unaorushwa kwake kutoka mbali. Tarehe 8 Januari 2012, katika mchezo wa mtoano dhidi ya Pittsburgh Steelers, alidaka mpira wa kwanza wa muda wa nyongeza na kukimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Hatua hiyo moja ilikuwa ya yadi 80, kiasi cha meta 73, na ndiyo iliyoumaliza mchezo. Mwaka 2015 Rais Obama alimpunguzia mama yake kifungo, na Januari 2016 mama huyo aliketi uwanjani kumtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu awe mchezaji wa kulipwa. Wiki chache baadaye Broncos walitwaa ubingwa.

Katika kazi yake yote Thomas alidaka mipira 724 na kusogea yadi 9,763, karibu kilometa tisa. Tarakimu hizo zimehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Hakuna aliyehesabu ni mara ngapi kichwa chake kiligongwa. Mpokeaji hudaka macho yakiwa juu, kwenye mpira, na anayekuja kumwangusha mara nyingi hamwoni. Tena madhara ya CTE hayahitaji mchezaji azimie. Magongo madogomadogo yasiyomtoa hata uwanjani hujilimbikiza. Daktari aliyeufungua mjadala huu kwa kuuchunguza ubongo wa mchezaji Mike Webster mwaka 2002, Bennet Omalu, ni Mwafrika mzaliwa wa Nigeria, naye alipingwa vikali kabla ya kusikilizwa.

Februari 2019 gari alilokuwa akiliendesha Thomas lilipinduka mjini Denver. Baadaye akaanza kupata kifafa, na familia yake imekihusisha na ajali hiyo. Alistaafu Juni 2021. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo alikutwa bafuni nyumbani kwake, amekwisha kufariki. Zilibaki siku 16 atimize miaka 34.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye pengine hatauona mchezo huo maishani, sehemu hii ya mwisho ndiyo inayomhusu. Wachezaji wa futiboli ya Kimarekani hawapo zahanati. Aliyerushwa na bodaboda yupo, na aliyeanguka kutoka mwembeni yupo. Kifafa cha baada ya jeraha la kichwa huweza kuchelewa miezi, hata miaka, na wakati huo mgonjwa na ndugu zake wamekwisha kuisahau ajali. Wanasema ni pepo, au wanaona haya tu. Mhudumu asiyeuliza, “Umewahi kuumia kichwa, hata zamani?” hataambiwa. Na mgonjwa aliyepewa dawa asiziache kwa kuwa amekaa miezi mitatu bila kuanguka: kwa wengi, kukaa hivyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, na kuikatisha ghafla huweza kukirudisha kifafa kwa nguvu zaidi.

Kuna pia mambo ambayo hayaandikwi kwenye cheti cha dawa, na ambayo aibu huyafanya magumu kuyasema: mlango wa bafu usifungwe kwa komeo, kuoga kwa kuketi ni salama kuliko kusimama, anayeanguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, na degedege likipita dakika tano, apelekwe hospitali bila kungoja. Kijana mwenye nguvu huyachukia maagizo haya, hasa lile la mlango. Aelezwe sababu yake, na anayeishi naye nyumba moja awepo akielezwa.